Wasifu wa mgombea hauwekwi kwenye mizani

KILA baada ya miaka mitano, wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Kanda ya Ziwa husomewa wasifu. Mgombea ubunge husimama jukwaani, iwe Magu, Kwimba au Sengerema, na jambo la kwanza analolitamka ni kwamba yeye ni mtoto wa mkulima, amelima pamba, amechunga ng'ombe na njaa anaijua. Mara nyingi anasema kweli. Watoto wa wakulima hatujawahi kuwapungukiwa huku. Kinachokosekana kwenye wasifu huo ni maelezo ya atakachofanya siku pamba itakapolala ghalani miezi mitatu huku mwenye pamba akidaiwa ada ya shule.

Safu hii leo inamkumbuka mgombea ambaye wasifu wake na sera yake vilikuwa kitu kimoja, na ambaye hata hivyo wapiga kura wa Mwanza walimkataa. Huyo ni Paul Bomani.

Vijana wengi wanalisikia jina hilo bila kujua habari zake. Bomani alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, mtoto wa mhubiri wa Kiadventista. Baada ya masomo alifanya kazi ya ukarani kwenye machimbo ya almasi ya Mwadui, na mwaka 1947 akaja mjini Mwanza kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Kwa hiyo hakuanzia shambani. Alianzia dukani, kwa watu waliokuwa wakiuza khanga, chumvi na sabuni kwa wakulima, na ambao waliona kwa macho yao kwamba mkulima akipunjwa mwezi wa Julai, mwezi wa Agosti duka halina mteja.

Na mkulima alikuwa akipunjwa kweli. Pamba ilinunuliwa na wenye viwanda vya kuchambulia na mawakala wao, wengi wao wenye asili ya Kiasia. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, aliyeisoma alikuwa mnunuzi, na aliyeandika kwenye karatasi alikuwa huyo huyo mnunuzi. Wakulima wakaanza kuajiri wapimaji wao wenyewe, watu waliojua kusoma namba, ili wasimame kituoni na kuhakiki uzito wa kila mzigo kabla haujamfikia mnunuzi. Vuguvugu lote la ushirika wa pamba Usukumani lilichipua hapo, kwa mtu wa pili kuusoma mshale wa mizani.

Bomani na wenzake walilichukua jambo hilo dogo wakalijengea chombo. Mwaka 1952 walikuwa na chama cha wakulima wa jimbo zima la Ziwa. Mwaka uliofuata Bomani akapelekwa Uingereza, Loughborough, kusomea ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, uliojulikana zaidi kwa herufi zake VFCU, ukiwa na makao yake makuu hapa Mwanza. Muda si mrefu ulikuwa na kiwanda chake cha kuchambua pamba huko Kasamwa, Geita. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyama vya msingi vilikuwa zaidi ya 300, na pamba yote ya ukanda huu ilikuwa ikipitia mikononi mwake.

Ikumbukwe mazingira ya wakati huo. Serikali ya kikoloni iliinyima TANU ruhusa ya kufanya kazi Usukumani kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Kabla ya Bomani, sauti ya Msukuma ndani ya Baraza la Kutunga Sheria ilikuwa ya chifu, Kidaha Makwaia wa Usiha, aliyeteuliwa mwaka 1945. Bomani naye aliingia Barazani katikati ya miaka ya 1950 kwa kuteuliwa na Gavana, lakini alikuwa na kitu ambacho mteuliwa wa kawaida hana: maelfu ya wanachama wenye vitabu vya mauzo. Na hata uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 ulipofika, si kila mwenye jembe aliruhusiwa kupiga kura. Miongoni mwa sifa zilizotakiwa ilikuwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati huo, au badala yake elimu ya kiwango fulani au wadhifa. Mlima pamba wa kawaida alibaki nje ya foleni.

Mwaka 1960 Bomani alikuwa Waziri wa Kilimo. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Hapo ndipo habari yake inapotufaa zaidi.

Uchaguzi wa Septemba 1965 ulikuwa wa chama kimoja, lakini haukuwa wa mchezo. Karibu kila jimbo lilipewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Walisimama kwenye mikutano ile ile, wakakatazwa kuchochea ukabila, udini au rangi, na wakakatazwa kudai kwamba Mwalimu anawaunga mkono. Mara ya kwanza mkulima wa kawaida alimweka waziri upande mmoja na mtu mwingine upande wa pili, akapima. Waziri wa Fedha, mwasisi wa ushirika mkubwa kuliko wote nchini, akaangushwa Mwanza, kwenye ngome yake mwenyewe.

Wako waliosema ni fitina, wako waliosema alikaa mno Dar es Salaam. Yote yanaweza kuwa na chembe ya ukweli. Mimi kwa upande wangu naitazama kwa jicho la mchumi. Kufikia mwaka 1965 mnunuzi wa zamani hakuwepo tena. Aliyeshika mizani alikuwa karani wa chama cha msingi, ndugu wa damu wa mkulima. Makato ya chama, ya muungano na ya halmashauri yalisomwa kwenye stakabadhi moja, na mtu ambaye jina lake lilihusishwa na ushirika ndiye pia aliyesimamia kodi za nchi. Mkulima aliyeona kilo zake zinapungua hakuwa na mtu wa kumlaumu zaidi ya huyo. Mwaka uliofuata, 1966, Serikali iliunda tume maalumu ya kuchunguza ushirika, na tume hiyo ikakuta upendeleo, uzembe na wizi katika vyama vingi nchini. VFCU haukudumu, na nafasi yake ikachukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza.

Kwa haki, ni lazima tuseme kwamba kura ile haikummaliza Bomani. Rais Nyerere alimteua kuwa mbunge na akampa wizara ya uchumi na mipango. Baadaye alikuwa balozi wetu Marekani kuanzia 1972 hadi 1983, na alifariki mwaka 2005 akiwa mtu wa kuheshimiwa. Wapiga kura hawakusema ni mwizi. Walichosema ni kwamba sifa ya mwaka 1952 hailipi deni la mwaka 1965.

Sasa tuje kwenye kituo cha leo. Nilipokuwa mwanafunzi wa Sokoine nilikaa wiki tatu kwenye kituo kimoja cha kununulia pamba, nikiandika takwimu zangu. Karani alikuwa kijana mpole. Alimwita kila mzee "guku" kwa heshima zote, na kwa heshima hizo hizo akamkata kila guku kilo mbili kwa gunia, akidai ni uzito wa gunia na unyevu. Mizani ilikuwa ile ya rula. Hakuna aliyebisha. (Nisiwasafishe wakulima wote: niliona pia pamba iliyonyunyiziwa maji usiku na kutiwa mchanga, na pamba fifi iliyofichwa chini ya nyeupe. Anayepunjwa naye hujifunza kupunja, na wote wawili wanaiharibia pamba yetu sifa sokoni.)

Tufanye hesabu. Mkulima ana kilo 500, magunia 10 ya kilo 50. Kwa bei elekezi ya mwaka 2019, shilingi 1,200 kwa kilo, hiyo ni shilingi 600,000. Ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 Bunge liliushusha kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, ni shilingi 18,000. Kisheria unalipwa na mnunuzi, ingawa kila mnunuzi anajua kuutoa kwenye bei. Kilo mbili kwa kila gunia ni kilo 20, sawa na shilingi 24,000. Yaani karani mpole alichukua zaidi ya halmashauri nzima, na hakuna mgombea aliyepanda jukwaani kulisema hilo.

Bei ndiyo wanayoipenda kuiahidi. Lakini pamba yetu iliyochambuliwa sehemu kubwa inauzwa nje, na bei yake inaamuliwa mbali na Bunge la Dodoma. Msimu wa 2019 ulitufundisha. Marekani na China walikuwa kwenye vita ya kibiashara, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasema 1,200 haiwalipi, na wakulima waliokwisha kupeleka mzigo AMCOS wakangoja malipo kwa miezi. Mbunge hawezi kuipandisha bei ya Liverpool. Anaweza kuuliza bungeni ni nani hubeba hasara bei elekezi inapozidi ya soko, na kama mkulima anaweza kupewa hata nusu ya fedha siku anayopima.

Vivyo hivyo kwa mfanyabiashara mdogo. Mwaka 2017 huo huo ilielekezwa kwamba mzigo usiozidi tani moja usitozwe ushuru unapovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mama anayetoa magunia ya dagaa Kirumba kwenda Shinyanga anastahili kujua kama kizuizi cha njiani kinaiheshimu kanuni hiyo, na mgombea anastahili kuulizwa kama anaifahamu. Aulizwe na habari ya lumbesa, ambayo imepigwa marufuku kila mwaka na kila mwaka inapakiwa.

Kwa hiyo mgombea atakapomaliza kuwasimulia alivyochunga ng'ombe, mpigieni makofi, kisha mtu mmoja asimame na stakabadhi yake ya msimu uliopita. Amwombe aisome kwa sauti: uzito, daraja, makato moja baada ya jingine, tarehe ya kupima na tarehe ya kulipwa. Amuulize ni mstari upi kati ya hiyo anaoweza kuubadilisha kwa sheria, upi kwa kumkalia kooni ofisa wa wilaya, na upi hauwezi kabisa. Na kwenye kituo chake cha kupigia kura, Wakala wa Vipimo walifika lini mara ya mwisho kukagua mizani ya AMCOS?