Anemoni kwenye sebule ya Nadapal? Mimi nakataa

Tangu niweke ile vidio ya samaki wa Nemo akijificha ndani ya anemoni, inbox yangu imejaa swali moja: kitu kama hicho kinaweza kufugwa huku kwetu? Kinaweza. Lakini usijaribu, na sababu yangu si ile mnadhani.

Kuna wale wanasema, "Mturkana na akwariamu wapi na wapi?" Hao tuwaweke kando. Hakuna mahali imeandikwa mtoto wa Nadapal apende mbuzi na ngamia peke yake.

Ishu ni anemoni mwenyewe. Watu wanamchukulia kama ua la plastiki, kumbe ni mnyama kamili. Ana mdomo, ana mikono inayochoma, ana mguu mmoja wa kujishikiza kwenye jiwe. Usipompa mahali anapapenda anahama polepole usiku, na akinaswa na pampu, asubuhi unaamkia supu na samaki wako wote wamelewa sumu. Ndani ya mwili wake kunaishi mwani mdogo sana unaomtengenezea chakula kwa mwanga. Maji yakipata joto kupita kiasi, anautema huo mwani, anageuka mweupe, halafu njaa inammaliza. Ndiyo hiyo hiyo iliyopiga matumbawe ya Pwani yetu mwaka wa 1998, wakati wa El Niño.

Sasa, anemoni wa bahari zetu anataka maji ya nyuzi 24 hadi 27, mchana na usiku. Lodwar saa nane mchana unaijua. Hapo unahitaji mashine ya kupoza maji, na stima ikipotea wewe na yeye mnaanza kuhesabu masaa.

Tuje kwa maji, manze, hapa ndipo roho yangu inakataa kabisa. Tangi la lita 100 linataka kama kilo tatu na nusu za chumvi maalum, sawa, hiyo utaagiza. (Na kwa wale wameuliza: hapana, maji ya Ziwa Turkana hayafai. Yana magadi, lakini chumvi yake ni kidogo sana ukilinganisha na bahari.) Kila wiki unabadilisha kama lita 10, na lazima ziwe za maji yaliyochujwa mpaka yakawa matupu. Chujio likimwaga lita 3 kwa kila lita 1 safi, umemaliza lita 40. Mitungi miwili ya ishirini. Na bado hujajaza yale yanayokauka kila siku kwa hii hewa yetu, ambayo pia unajaza na maji matupu, kwa sababu chumvi haipandi hewani.

Pale kambini Kakuma, kipimo ambacho UNHCR inalenga ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Mtungi mmoja. Mama anachimba mchanga wa laga hadi kifuani ndio apate wa kwake. Mimi siwezi kupita na mitungi miwili mbele yake nikisema ni ya anemoni. Wewe ukiweza, sawa, una roho ngumu.

Kuna mtu atasema ako Kilimani na mfereji haukauki, so hesabu ya maji haimhusu. Haya, basi tuongelee amemtoa wapi. Kuna anemoni wanaojigawa wawili wakiwa ndani ya tangi, na kama wako ametoka huko, sina vita na wewe. Lakini wengi hutolewa kwenye mwamba baharini, na akitoka, wale samaki wa Nemo wanabaki bila nyumba. Kenya imeuza samaki hai wa urembo ng'ambo kwa miaka mingi. Kule Kuruwitu, Kilifi, biashara hiyo ilikuwa moja ya sababu wanakijiji walichoka wakafunga sehemu ya bahari yao wenyewe mwaka wa 2005. Hao si wageni na makaratasi, ni wavuvi.

Na huyu mnyama hana haraka ya kufa akitunzwa. Mwaka wa 1828 msomi mmoja wa Scotland, John Dalyell, aliokota anemoni ufuoni akamweka kwenye chupa. Dalyell alikufa 1851. Anemoni akaendelea kurithishwa mpaka 1887. Wewe hata simu hujaweza kukaa nayo miaka mitatu.

Kama ni Nemo tu unataka, yule aliyezaliwa kwenye tangi anaishi poa bila anemoni. Kama ni anemoni, panda basi. Ni zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pwani, mgongo utauma, lakini pale Kisite, ng'ambo ya Shimoni, unavaa miwani ya maji, unaangalia chini, na maji yote ni yake.