Uchambuzi: Nani ananufaika na hazina za masoko ya Arua?

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya paa za Mvara, wachuuzi huwa wamekwisha kutandaza maturubai kando ya barabara ziendazo katikati ya Jiji la Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda. Kwenye turubai moja kuna makoti ya sufu, mikoba ya ngozi na fulana za soka za misimu iliyopita, vitu vilivyotumika Ulaya, Marekani au Asia kabla ya kufika hapa. Kwenye turubai la pili kuna vyungu vya udongo, vikapu, makawa ya kufunikia chakula na mashuka yaliyodariziwa maua na ndege kwa nyuzi za rangi.

Bidhaa hizi mbili hazifanani. Ya kwanza imetoka kiwandani, na imefika Arua kwa sababu mwenyewe aliichoka. Ya pili imetoka mikononi mwa mtu anayeishi karibu, wala haina ya pili yake. Hata hivyo, mara nyingi huuzwa na watu wa kipato kilekile, katika barabara zilezile, na hatima zake zimefungamana kuliko zinavyoonekana.

Kwa miaka kadhaa sasa, mjadala wa kisiasa nchini Uganda na katika Afrika Mashariki nzima umejikita katika bidhaa ya kwanza: je, nguo kuukuu zipigwe marufuku ili viwanda vya ndani vikue? Swali kuhusu bidhaa ya pili limeulizwa mara chache: je, anayetengeneza kwa mikono anaweza kuishi kwa kazi hiyo?

Mji wa njia panda

Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, pamoja na Gulu, Mbarara, Jinja, Mbale, Masaka na Fort Portal. Liko kilomita chache tu kutoka mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na barabara inayopita Koboko hulifikisha Sudan Kusini. Sokoni husikika Kilugbara, Kikakwa, Kialur, Kimadi, Kinubi, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili, lugha ambayo wafanyabiashara wa mpakani wameizoea kwa miongo mingi.

Mvara yenyewe ni kitongoji cha kale katika historia ya mji huu. Wamisionari wa Africa Inland Mission waliwasili Arua mwaka 1918, na hadi leo Kanisa Kuu la Emmanuel la Kianglikana lipo Mvara. Hata hivyo, anayekuja hapa akidhani atakuta samani za mababu na vyombo vya karne iliyopita huenda akaondoka mikono mitupu. Sababu mojawapo ni vita. Baada ya kuanguka kwa serikali ya Idi Amin mwaka 1979, na hasa kufuatia mapigano ya mwaka 1980, maelfu kwa maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Wengi walirejea miaka kadhaa baadaye na kukuta nyumba tupu au hazipo kabisa.

Mtu anayekimbia huuacha mtungi nyuma, lakini ujuzi wa kuufinyanga huenda nao. Ndiyo maana hazina ya Arua si kitu kilichohifadhiwa kabatini kwa miaka mia moja, bali ni kitu kilichotengenezwa juzi kwa maarifa ya miaka mia moja. Ususi wa makawa na vikapu vya rangi wa wanawake wa Kinubi, ambao wahenga wao ni askari wa Kisudani waliobaki katika ukanda wa Nile enzi za Emin Pasha katika miaka ya 1880, ni mfano mmoja. Adungu, ala ya nyuzi ya Waalur ambayo ni ya jamii ya kinubi, ni mfano mwingine.

Mivumba na jicho la mchaguzi

Nguo kuukuu, zinazojulikana Kenya na Tanzania kama mitumba na Uganda kama mivumba, huingia Afrika Mashariki zikiwa zimebanwa katika marobota. Kwa Uganda, nyingi hupitia bandari ya Mombasa, kisha Kampala, ambako soko la Owino ndilo kitovu cha biashara hiyo, kabla ya kusafirishwa mikoani. Mfanyabiashara hununua robota bila kujua kwa hakika kilichomo. Siku linapofunguliwa, wenye jicho hufika mapema na kuchagua vilivyo bora kwa bei ya juu. Kadiri siku zinavyopita bei hushuka, na mwisho hubaki vile ambavyo hakuna anayevitaka.

Kinachoitwa hazina, kwa hiyo, ni tofauti ya maarifa. Anayejua kupapasa kitambaa na kukitambua kuwa ni kitani halisi, au kusoma lebo na kujua kuwa koti lilishonwa miongo mitatu iliyopita, hupata faida asiyoiona mwingine. Kijana mwenye simu anaweza kuinunua fulana kando ya barabara na kuiuza mtandaoni siku hiyo hiyo kwa mara kadhaa ya bei yake. Fundi cherehani naye huongeza thamani kwa njia yake: hupunguza koti, hubadili zipu, au hugeuza suruali mbili kuwa mkoba mmoja.

Mbunifu Bobby Kolade aliifikisha hoja hiyo mbali zaidi. Mwaka 2022, kupitia kampuni yake ya Buzigahill jijini Kampala, alianza kununua mivumba, kuifumua, kuishona upya na kuiuza katika nchi za Kaskazini ilikotoka. Alichokionyesha ni kwamba nguo iliyotupwa huweza kupata thamani mpya pale mkono wa fundi unapoingia na jina la fundi linapotambulika.

Marufuku ya Kampala, mpaka wa Vurra

Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa hatua kwa hatua uagizaji wa nguo kuukuu ifikapo mwaka 2019. Wauzaji wa nguo hizo nchini Marekani walilalamika, na serikali yao ikatishia kuzinyima nchi za kanda hii nafasi ya kuuza bidhaa bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Nchi nyingine zililegeza msimamo. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilikataa, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi.

Agosti 2023, akiwa katika eneo la viwanda la Mbale, Rais Yoweri Museveni alitangaza kuwa Uganda haitaruhusu tena nguo kuukuu, akizieleza kuwa ni za wazungu waliofariki. Wafanyabiashara wa Owino walipinga, na marobota yaliendelea kuingia. Uganda iliondolewa katika AGOA tarehe 1 Januari 2024 kwa sababu nyingine, zinazohusu haki za binadamu. Maana yake ni kwamba tishio lililoibana kanda nzima miaka michache kabla lilipoteza makali yake kwa Kampala.

Hoja ya wanaotaka marufuku ina uzito. Sehemu kubwa ya pamba ya Uganda husafirishwa nje kabla ya kuwa kitambaa, na kiwanda cha ndani hakiwezi kushindana kwa bei na nguo ambayo mwenyewe aliitoa bure. Lakini Arua huonyesha udhaifu wa hoja hiyo. Katika mji ulio karibu na kituo cha forodha cha Vurra, bidhaa iliyozuiwa Kampala haipotei, bali hubadili njia. Mji huu uliwahi kuwa na vijana waliouza mafuta ya magendo barabarani na kujulikana kama Opec Boys, ambao wakati mmoja walikuwa nguvu isiyopuuzwa katika uchumi na siasa za mji. Marufuku ya mivumba huenda ikazaa kizazi kingine cha aina hiyo, huku mama mwenye turubai moja akibaki bila mtaji na bila kinga.

Zaidi ya hayo, pengo litakaloachwa na mivumba si lazima lijazwe na kiwanda cha Jinja, sembuse mfumaji wa Arua. Vitenge vinavyouzwa sokoni kama vazi la Kiafrika vingi huchapwa viwandani barani Asia. Nguo mpya za bei nafuu kutoka huko ndizo zilizo tayari kuingia kwanza.

Kazi ya mikono isiyolipwa saa zake

Mashuka yaliyodariziwa, maarufu kwa jina la milaya, yaliingia kwa wingi katika masoko ya West Nile pamoja na wakimbizi wa Sudan Kusini. Kambi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe, iliyofunguliwa Agosti 2016, ilipokea zaidi ya watu 200,000 katika miezi michache. Wengine walipelekwa Rhino Camp na Imvepi, jirani zaidi na Arua. Kwa familia nyingi za Sudan Kusini, milaya ni sehemu ya mali ya bibi harusi na heshima ya nyumba mbele ya mgeni. Katika ukimbizi imekuwa pia bidhaa.

Bei yake, hata hivyo, mara nyingi haihesabu muda. Tuseme mwanamke anadarizi saa 3 kila siku kwa siku 30. Shuka hiyo ina saa 90 za kazi. Akiiuza kwa shilingi 90,000 za Uganda, kila saa imelipwa shilingi 1,000, na hapo gharama ya kitambaa na nyuzi haijatolewa. Mnunuzi anayepunguziwa bei hadi shilingi 70,000 huondoka akijisifu kuwa ameokota dhahabu, lakini punguzo lake ni saa 20 za kazi ya mtu mwingine.

Mnunuzi huyo naye ameadimika. Kwa miaka mingi wateja wakubwa wa kazi za mikono mjini Arua walikuwa wafanyakazi wa mashirika ya misaada, wageni wao na miradi iliyonunua kwa jumla. Januari 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo huo shirika lake la USAID likafikia ukomo wa shughuli zake. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, liliwaondoa takribani wakimbizi milioni moja nchini Uganda katika orodha ya wanaopewa chakula kwa kukosa fedha.

Athari hizo huja kwa pamoja. Anayedarizi anahitaji kuuza zaidi kwa sababu mgao wa chakula umekatika, wakati aliyekuwa akinunua amefungasha virago. Bidhaa inapozidi na wateja wanapopungua, bei huanguka. Bei inapoanguka chini ya gharama ya nyuzi, binti hana sababu ya kujifunza kwa mama yake.

Jiji jipya, turubai la zamani

Arua inajengwa upya. Soko Kuu limesimamishwa kuwa jengo la kisasa chini ya mpango wa serikali wa kuboresha masoko, MATIP, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Jengo lina manufaa yake: paa, vyoo, usalama na kumbukumbu za mapato. Lakini kizimba cha kudumu humfaa mwenye bidhaa za kila siku kuliko mfinyanzi anayeshuka mjini mara moja kwa wiki na vyungu vitano. Mahali pa huyo wa mwisho pamekuwa barabarani, na barabara ndiyo inayosafishwa kwanza mji unapotaka kufanana na jiji. Kampala iliwaondoa wachuuzi wake wa barabarani mapema mwaka 2022. Miji mipya inaweza kuiga mfano huo au kutafuta mwingine, kwa mfano siku maalumu ya gulio la kazi za mikono yenye ushuru mdogo.

Sheria nayo ipo, ila haijatumiwa vya kutosha. Uganda ilipitisha mwaka 2013 sheria ya viashiria vya kijiografia, inayoruhusu bidhaa kulindwa kwa jina la mahali inapotoka. Majirani wana funzo la kutoa. Kiondo cha Kenya kilipata soko kubwa la nje katika miaka ya 1970 na 1980, kisha vikapu vya kuigwa kutoka Asia vikakipunguzia nafasi. Kikapu kisicho na jina la aliyekisuka wala la mahali kiliposukwa ni rahisi kuigwa, na aliyekisuka hana pa kulalamika.

Serikali ikiamua kuzuia mivumba bila kujibu swali la turubai la pili, itakuwa imewaondolea wakazi wa Mvara na vitongoji jirani nguo wanazozimudu, bila kumwongezea msusi au mdarizi mteja hata mmoja. Na wanunuzi wenyewe, wa mjini na wa ughaibuni, wana sehemu yao katika hesabu hii. Koti lililookotwa kutoka kwenye robota limekwisha kulipiwa na mtu mwingine huko lilikotoka. Shuka iliyodariziwa bado haijalipiwa na yeyote, na anayeinama kuipapasa kando ya barabara ndiye wa kwanza kuulizwa thamani yake.