Tunahesabu Kompyuta, Wagonjwa Tumewasahau

Kila mfumo mpya wa rekodi za wagonjwa ukizinduliwa, hotuba ni ile ile: hospitali kadhaa zimeunganishwa, tableti kadhaa zimegawiwa, utepe ukatwe, picha zipigwe. Wakubwa huita hiyo tathmini. Mimi naiita kuhesabu vyombo.

Mfumo wa rekodi una kazi moja: daktari ambaye hajawahi kukuona akujue. Ajue penisilini inakudhuru. Asikurudishe maabara kwa kipimo ulicholipia wiki jana.

Mwaka huu nimempeleka mamangu hospitali mbili za umma, zote zina kompyuta. Kote ameulizwa maswali yale yale, na kote kilichotuokoa ni daftari la shule alilobeba kwa mkoba. Katika ile ya pili mtandao ulipotea asubuhi. Muuguzi akaandika kwa kalamu, na jioni tulimwacha akinakili yote kwenye mashine. Kazi moja, mara mbili. Kwa hesabu za wakubwa, hiyo ni hospitali iliyounganishwa.

Na msituambie ati bado tunajifunza. Kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka wa 2001, miaka sita kabla ya M-Pesa. Kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu huria ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Sisi si wageni hapa, bana.

Sheria ya Afya ya Kidijitali tunayo tangu 2023. Machi 2025, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ikasema mfumo wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Tukapiga kelele kuhusu pesa, na ni haki yetu. Lakini nani aliuliza faili ya mgonjwa inachukua dakika ngapi kufunguka?

Mtu atasema shida ni wauguzi wachache. Haswa! Kama ni wachache, kila dakika wanayopoteza mbele ya skrini ni mgonjwa anayengoja kwenye benchi.

Kwa hivyo nataka nambari nne, kila mwezi, kila hospitali. Faili hufunguka kwa dakika ngapi? Mfumo ulizimika saa ngapi kwa jumla? Waliorudi, wangapi faili zao zilipatikana? Vipimo vingapi vilirudiwa bila sababu?

Zibandikeni pale mlangoni, kando ya ule ubao wa huduma na ada. Mkiona haya kuzibandika, basi tathmini imekwisha, na jibu tunalo.