Kabla ya kumuita mwenye lori, hesabu migomba kwanza

Ukiishi Nairobi, huenda ukuta ulioegemea ukisoma haya ulijengwa kwa mchanga wa Makueni au Kitui. Sikulaumu, nyumba lazima zijengwe. Lakini kama familia yenu ina kipande cha shamba ushago, kando ya mto, kuna hesabu nataka uipige kabla ya kukubali pesa za mchanga.

Wengi husema Ukambani ni ndengu na maembe, ndizi waachiwe Wakisii na Wameru. Kweli, mgomba unapenda maji. Unataka mvua ya kama milimita 1,000 au zaidi kwa mwaka, na sehemu kubwa ya kaunti hizi mbili haifiki hapo. Sasa mbona ukishuka kwenye kingo za mito ya msimu unakuta migomba imesimama kijani ilhali mlima mzima umekauka?

Jibu ni huo mchanga. Mvua ikiisha, maji hujificha chini yake, jua lisiyafikie. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL na wanakijiji wa Kitui wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga: ukuta wa zege unakatiza mto, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanakaa humo hata kiangazi. Ukibeba mchanga, umebeba tangi la maji la kijiji kizima. Mto unabaki mwamba mtupu, visima vinakauka, na mgomba ndio wa kwanza kuanguka.

Najua utaniambia nini. Mchanga unalipa leo, ndizi zinakungojesha mwaka mmoja na zaidi. Ni kweli, na kijana asiye na nauli hawezi kula subira. Lakini lori likishaenda, halikuachii kitu. Mgomba unazaa mwana. Ukiacha mama, binti na mjukuu kwenye shimo moja, ukang'oa machipukizi mengine, unavuna miaka mingi. Na ukingoja, panda kunde au ndengu katikati ya mistari.

Kazi yenyewe si uchawi. Chimba shimo la futi tatu kwa tatu, kina futi mbili, uchanganye udongo wa juu na samadi, kisha ufunike kwa nyasi kavu ili unyevu usitoroke. Nunua miche ya tishu kutoka taasisi inayoaminika, kama KALRO au Chuo cha JKUAT. Chipukizi la jirani linaweza kukuletea mnyauko, na ugonjwa huo ukiingia kwenye udongo hautoki kwa miaka mingi.

Halafu usifanye kosa la maembe. Kila msimu mabroka huja Makueni wakati miti imejaa, wakijua mkulima hana pa kuyaweka, na bei wanaitaja wao. Kaunti ilijenga kiwanda cha kusindika maembe kule Kalamba kwa sababu hiyo hiyo. Ndizi nazo zikiiva hazikungoji. Ila zikiwa mbichi unaweza kuzimenya, kuzikata nyembamba na kuzikaanga ziwe krispi, au kuzikausha na kusaga unga unaokaa miezi. Kikundi cha vijana kumi kinaweza kuanza na sufuria, kikaushio cha jua na posho mill ya mtaani.

Makueni ina sheria ya mchanga tangu 2015, na kuna watu waliouawa kwa kupinga uvunaji haramu. Kwa hiyo usiniambie ni mambo madogo. Wewe wa mjini una sauti nyumbani: wazee hukupigia simu kabla ya kutia sahihi. Simu hiyo ikija, waulize swali moja tu: mwaka kesho, Septemba, tutachota wapi?