Hasira za babako? Jeni hii hukuitoa kwake

Umewahi kuisikia mtaani, tena si mara moja: “Huyo ni kama babake, hasira ziko kwa damu.” Kijana akimzaba mpenzi wake kofi, wazee wanatikisa vichwa na kusema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kesi imeisha.

Tangu Wakenya waandamane Januari 27, 2024 kupinga mauaji ya wanawake, mjadala wa chanzo cha ukatili huu haujatulia. Na siku hizi ile “damu” imepata jina la kisayansi: jeni. Kuna ukweli ndani yake, ila si ule unaodhania.

Mwaka 1993, watafiti wakiongozwa na Han Brunner waliripoti kuhusu familia moja ya Uholanzi ambamo wanaume kadhaa walikuwa na fujo za kupindukia. Jeni iitwayo MAOA, inayosaidia kuvunja kemikali za ubongo kama serotonini, ilikuwa imeharibika kabisa. Lakini jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, na mvulana hupata X yake kwa mamake. Kwa hivyo hii, buda, hukuitoa kwa babako hata kidogo.

Hitilafu ile ni nadra mno. Kilicho cha kawaida ni MAOA inayofanya kazi polepole, na mamilioni ya wanaume wanayo. Mwaka 2002, Avshalom Caspi na Terrie Moffitt walichapisha matokeo ya wavulana waliofuatiliwa tangu kuzaliwa mjini Dunedin, New Zealand. Wenye jeni hiyo ambao pia waliteswa utotoni walikuwa asilimia 12 tu, lakini walibeba asilimia 44 ya hukumu za makosa ya ukatili. Wenye jeni iyo hiyo waliolelewa bila mateso? Hawakuwa wakali kuliko wenzao. Tafiti za baadaye hazijakubaliana zote, lakini hakuna iliyopata “jeni ya muuaji”.

Hata hivyo, mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Trieste, Italia, ilimpunguzia muuaji mwaka mmoja gerezani, jeni zake zikiwa miongoni mwa sababu. Mimi naona walikosea. Wangapi wanayo na hawajaua hata kuku?

Sasa mfikirie yule mzazi anayemtandika mtoto kila jioni, ati asije akawa kama babake. Jeni hawezi kuibadilisha. Ile nusu nyingine iliyohesabiwa Dunedin, anaiongeza mwenyewe.