Mrithi wa kalamu

Mtu akifa, shamba lake halifi pamoja naye. Yuko mrithi, naye hushika jembe. Lakini hadithi je? Aliyeibuni akiisha kuzikwa, aweza mwingine kuitwaa kalamu yake na kuendelea pale alipokoma? Huko Ulaya jambo hili lafanyika, tena kwa mikataba iliyotiwa sahihi mbele ya wanasheria. Juma hili, wasomaji wapenzi, twataka kuzungumza nanyi juu ya kitabu kimoja cha namna hiyo, maana mrithi wake alimleta mpelelezi wa Kiingereza huku kwetu Afrika, katika vita vinavyofanana mno na vita vilivyotokea kweli.

Mpelelezi huyo ni James Bond. Wengi wenu mmemwona katika sinema, lakini alizaliwa katika vitabu. Ian Fleming, Mwingereza aliyetumika katika ofisi ya upelelezi ya jeshi la majini wakati wa vita vya pili vya dunia, alitoa kitabu cha kwanza mwaka 1953. Baada ya hapo akatoa kingine karibu kila mwaka, hata alipofariki tarehe 12 Agosti 1964, akiwa na umri wa miaka 56. Vyote pamoja, na viwili vilivyotoka baada ya kifo chake, ni 14. Hata jina la Bond hakulibuni: alilikuta juu ya jalada la kitabu kinachoeleza ndege wa visiwa vya Karibi, kilichoandikwa na mtaalamu mwenye jina hilo.

Msomaji wa Fleming ajua atakayoyakuta: mkuu aitwaye M, namba 007 yenye ruhusa ya kuua, vyakula vya anasa, pombe, motokari za bei kubwa, na wanawake wasiokumbukwa tena katika kitabu kifuatacho. Juu ya hayo ya mwisho tusifichane: hatumweki Bond mbele ya vijana kuwa kielelezo. Na Afrika? Kwa Fleming, Afrika ni mahali pa kuchota mali. Kitabu chake cha mwaka 1956, Diamonds Are Forever, chaanza na kwisha katika pori la mpakani mwa Sierra Leone na Guinea, ambako almasi huvushwa kwa siri. Wenyeji wa pori hilo karibu hawaonekani.

Mrithi wa kwanza alikuwa Kingsley Amis, aliyetoa Colonel Sun mwaka 1968 kwa jina la kujificha, Robert Markham. Mjane wa Fleming hakulipenda shauri hilo hata kidogo. Wakafuata John Gardner tangu mwaka 1981, Raymond Benson tangu mwaka 1997, na Sebastian Faulks mwaka 2008, ulipotimia mwaka wa 100 tangu kuzaliwa kwa Fleming. Wazee husema nguo ya kuazima haisitiri. Mwandishi anayejivika sauti ya marehemu kutoka ukosi mpaka viatu, mwishowe hana la kwake la kutuambia, na msomaji hulitambua upesi kama mtoto anayetambua kwamba uji haukupikwa na mama.

William Boyd alikuwa na la kwake. Alizaliwa Accra mwaka 1952, babaye akiwa daktari, akakulia Ghana na Nigeria. Kati ya vitabu vyake vya kwanza, kimoja kilisimulia vita vya mwaka 1914 hata 1918 katika Afrika ya Mashariki. Wazungu walipopigana huko, babu zetu wengi walitwishwa mizigo yao. Tena, miaka mingi kabla ya kuombwa kumwandika Bond, alikuwa amekwisha kumtia Fleming mwenyewe ndani ya riwaya yake moja. Basi mwaka 2013 akatoa Solo.

Hadithi ni ya mwaka 1969. Bond ametimiza miaka 45, na usingizini bado aota vita vya ujana wake. M amtuma Zanzarim, nchi ya kubuniwa katika Afrika ya Magharibi. Jimbo moja, Dahum, limejitenga na nchi hiyo, na chini ya udongo wake mna mafuta mengi ya petroli. Serikali ya Uingereza yataka vita viishe upesi, na kizuizi ni brigadia mmoja, Solomon Adeka, anayewaongoza watu wa Dahum kwa akili nyingi. Bond apewa kazi ya kumzuia, tena aendapo ajifanya mwandishi wa habari. Twavipenda sana vipande vya safari hiyo. Bond afika kwa adui, na ili aaminiwe awasaidia kushinda pigano dhidi ya jeshi ambalo serikali yake yaliunga mkono. Brigadia naye hafi kwa risasi. Afa kwa kansa kitandani, na mara nchi yake yavunjika. Mtu aliyevuka bahari ili kukatisha uhai wa mwingine akuta ugonjwa umemtangulia. Fleming hangaliandika hivyo.

Yumo pia Kobus Breed, askari wa kukodiwa kutoka Rhodesia. Sisi wa Kongo hatuhitaji kuelezwa watu wa namna hiyo ni watu gani. Mwaka 1967, tangu Agosti hata Novemba, Jean Schramme na wenzake waliushika mji wa Bukavu, na walioukimbia wakati ule wakawasimulia wana wao.

Lakini nyuma ya Zanzarim yuko nani? Ni Nigeria, na Dahum ni Biafra. Jimbo hilo la mashariki lilijitangaza kuwa nchi tarehe 30 Mei 1967. Vita vikaanza Julai, vikaisha Januari 1970. Biafra ilizungukwa pande zote na kukosa chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki, wa kwanza wakiwa watoto. Ndipo Caritas na makanisa ya Kiprotestanti wakaungana kupeleka chakula kwa ndege kutoka kisiwa cha São Tomé. Ndege zilitua usiku pale Uli, juu ya barabara ya lami iliyopanuliwa. Taa za njia zilizimwa mara gurudumu lilipogusa chini, kwa sababu ndege ya vita ilikuwa ikizunguka juu ikingoja kuangusha mabomu. Safari zilipita 5,000. Marubani kadhaa walipoteza maisha. Mapadre waliipakua mizigo gizani, na ndege zikirudi zilichukua watoto waliodhoofu ili wakatibiwe.

Sasa twafika kwenye neno letu na Bwana Boyd. Katika nusu ya pili ya kitabu Bond apona majeraha yake, aenda Marekani pasipo ruhusa ili kulipiza kisasi, na huko agundua siri: chama cha huruma kinachowaleta watoto wagonjwa wa Zanzarim kimegeuzwa kificho cha kuingiza heroini. Kwa hila ya hadithi, hii ni hila nzuri. Nani atashuku ndege ya watoto? Wala hatusemi kwamba mwandishi aliitoa hewani. Pale Uli ndege za silaha zilitua usiku uleule pamoja na ndege za chakula, na serikali ya Nigeria ilizishuku zote mbili. Mtu mwenye haki aweza kuuliza hata leo kama msaada ule haukurefusha vita. Swali hilo zito kitabu hakiliulizi. Kwa muda wa kurasa mia hivi tumeiona njaa kama aionavyo mtu aliyekuwa karibu nayo, kisha wenye njaa wageuzwa kuwa mfuko wa mwizi, na Bond arudia mambo yake ya Fleming: bastola, hoteli, kisasi. Mrithi amekwisha kulima sehemu yake mwenyewe, na mazao yalikuwa yameota. Mbona akarudi kwenye matuta ya marehemu? Twadhani mkataba ulimtaka hivyo, au wasomaji. Asiyempa Bond kisasi chake ataambiwa huyu si Bond.

Hata hivyo twakisifu kwa nusu ile ya kwanza. Akina baba na mama, kitabu hiki si cha watoto wa shule ya msingi: mna zinaa na mauaji ndani yake. Wanafunzi wa madarasa ya juu ya sekondari waweza kukisoma, nacho kimekwisha kufasiriwa kwa Kifaransa. Lakini wakisome pamoja na kitabu cha Chimamanda Ngozi Adichie cha mwaka 2006, kiitwacho kwa Kifaransa L'autre moitié du soleil, chenye habari za vita hivyohivyo. Adichie alizaliwa Nigeria mwaka 1977, na babu zake wote wawili walikufa katika vita hivyo.