Dai, Sharti na Tegemeo: Kuhusu Istilahi za Kufungasha Programu

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umejikita kwa miaka mingi katika majina ya vitu vinavyoonekana mezani. Kompyuta imeshindanishwa na tarakilishi na ngamizi. Kipanya kimeshindanishwa na puku. Mjadala huo una faida zake, ila yaelekea umewafanya wanaisimu wasahau kundi jingine la watumiaji, yaani wale wanaoandika programu wenyewe. Hao nao wanahitaji lugha, na mahitaji yao ni makali zaidi, kwa kuwa kwao istilahi mbovu huzaa kazi mbovu. Makala haya yanachukua kipande kidogo tu cha uwanja huo: maktaba ya kauli za kukagulia programu, na namna maktaba hiyo inavyofungashwa ili iweze kusakinishwa katika mashine ya mtu mwingine.

Ichukuliwe kwamba katika kata ya Iyula, wilayani Mbozi, chama cha msingi cha ushirika kina programu ya kujumlisha uzito wa kahawa. Mkulima ameleta kilo 40 asubuhi na kilo 35 jioni. Kabla programu haijaaminiwa, mwandishi wake huandika jaribio: huipa tarakimu hizo mbili, kisha hutamka kwamba jumla haina budi kuwa 75. Jumla ikiwa nyingine yoyote, jaribio linasimama na ujumbe unatolewa. Tamko hilo ndilo kiini cha suala hili. Si jambo jipya. Mwaka 1949, huko Cambridge, Alan Turing alieleza jinsi mkaguzi anavyoweza kusadiki programu ndefu, akatumia mfano wa hesabu ya kujumlisha: tarakimu zinazobebwa kutoka safu moja kwenda nyingine zikiandikwa, kila safu yaweza kukaguliwa peke yake, zisipoandikwa, mkaguzi hana budi kuibeba hesabu yote kichwani kwa mara moja. Matamko yaliyowekwa kati ya hatua za programu yanafanya kazi ya tarakimu hizo.

Sasa tamko hilo liitweje? Jibu linalokuja upesi kwa mfasiri ni dai, nalo laweza kutetewa kikamusi. Lakini kamusi siyo matumizi. Katika Kiswahili cha leo, hususan cha magazeti, jambo linalodaiwa ni jambo ambalo msemaji hataki kulibeba: inadaiwa mtuhumiwa alionekana stendi. Dukani, kudai ni kudai deni. Mahakamani, dai lina wapande wawili na hakimu. Kote huko neno hili linaacha mlango wazi wa shaka na majadiliano, ilhali kauli ya ukaguzi haina majadiliano. Wanaoufahamu ukoboaji wa kahawa wanajua kwamba punje hutengwa kwa chekeche kuwa AA, A, B na kuendelea kwa kufuata ukubwa. Chekeche halidai kwamba punje ni ndogo. Punje inapita au haipiti.

Neno linalofaa ni sharti. Ubora wake hauko katika maana peke yake, bali pia katika sarufi, na hapa ndipo wafasiri wengi wamepitiwa. Sharti ni nomino, na papo hapo ni neno linalotangulia kitenzi cha hali tegemezi: sharti jumla iwe 75. Mwandishi wa programu akilitumia kama jina la amri yake, mstari wa amri unasomeka kama sentensi kamili ya Kiswahili, na ujumbe wa kushindwa unajiunda wenyewe: sharti limevunjwa, jumla imekuwa 57. Dai haliwezi kufanya hivyo. Pingamizi lipo, na ni la haki: vitabu vya hesabu na baadhi ya walimu wa kompyuta wanalitumia sharti kwa zile kauli za ikiwa hivi, fanya vile. Hata hivyo kauli hizo zinaweza kuitwa kauli za ikiwa, jinsi zilivyo, bila hasara kubwa. Ni afadhali gharama hiyo kuliko kumfundisha mwanafunzi kwamba ukaguzi ni tuhuma.

Kuhusu maktaba hakuna haja ya kusema mengi. Neno limekwisha kuzoeleka, na taswira ya mahali pa kuazima inatosha.

Ufungashaji ndio unaostahili uangalifu. Kifurushi cha programu si faili zilizokusanywa tu, kama vile gunia la kahawa lisivyo kahawa iliyomwagwa ndani. Hubeba jina, namba ya toleo, leseni, jina la mtunzaji, na orodha ya vitu ambavyo lazima viwepo kwanza. Chukua Debian, mfumo ulioanzishwa mwaka 1993. Humo mna kifurushi kiitwacho bats-assert, ambacho ni maktaba ya kauli za ukaguzi hasa, nacho hakifanyi kazi pasipo kifurushi cha pili, bats-support. Huyu wa pili aitweje kwa uhusiano wake na yule wa kwanza? Wengi husema kitegemezi. Hilo ni kosa, tena kosa la kugeuza kitu miguu juu. Kwa Mswahili, tegemezi ni yule anayeegemea: mtoto ni mtegemezi wa mzazi. Anayeegemewa ni tegemeo. Basi bats-support ni tegemeo la bats-assert, na bats-assert ndiyo tegemezi. Mwanafunzi aliyeambiwa asakinishe vitegemezi kwanza, akiifuata lugha yake kwa uaminifu, ataanza na kile ambacho hakiwezi kusimama.

Uzito wa matengemeo ulionekana mwezi Machi 2016, pale kifurushi cha mistari 11 tu kilichoitwa left-pad kilipoondolewa katika ghala la npm na mwandishi wake. Programu nyingi mno duniani zikashindwa kuundwa hadi kiliporudishwa. Pale ambapo intaneti hukatika, kama inavyokatika vijijini, mkasa wa namna hiyo hauhitaji mwandishi aliyekasirika. Mtandao ukizima tu, tegemeo halifiki. Kwa hiyo kifurushi kinachokusudiwa mahali kama Iyula sharti kibebe matengemeo yake pamoja nacho. Kusakinisha, kwa asili ya neno, ni kumfanya mgeni akae. Mgeni asiyeletewa mkeka wake hajakaa bado.

Nao wanaistilahi wana la kujifunza hapa. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyafikisha maneno mezani kwa watu kwa sababu yalikuwa ndani ya programu inayosakinishwa. Orodha nyingi zilizochapishwa kabla na baada yake zimebaki rafuni. Maneno sharti na tegemeo nayo yanaweza kupelekwa kwa njia ile ile: maktaba ndogo ya ukaguzi, ambayo amri na ujumbe wake ni wa Kiswahili, ifungashwe, ipewe namba ya toleo, na mabishano yatakayofuata yaandikwe katika toleo la pili.